Dawa ya deni kulipa: funzo la supamaketi za Kenya kwa mwenye duka na mwenye hisa

KATIKA soko huria kila mfanyabiashara anataka aonekane. Huyu anapaka duka rangi, yule anaongeza taa, mwingine anafungua tawi la pili kabla la kwanza halijatimiza mwaka. Wateja huvutiwa na hayo, wala si vibaya. Lakini historia ya supamaketi za Kenya inaonyesha kwamba anayeng'ara si lazima awe ndiye anayedumu. Mara nyingi anayeamua nani abaki sokoni si mteja anayeingia kwa mlango wa mbele, bali ni msambazaji anayeshusha mali kwa mlango wa nyuma.

Wafanyabiashara wa Tanzania wana kila sababu ya kuifuatilia historia hiyo. Majina mawili makubwa ya Nairobi, Uchumi na Nakumatt, yalivuka mpaka na kufungua maduka hapa nchini, na yote mawili yamekwisha kuondoka. Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda kwa mkupuo mmoja Oktoba 2015. Nakumatt, ambayo mwaka 2014 ilinunua maduka matatu yaliyoachwa na Shoprite ya Afrika Kusini, mawili Dar es Salaam na moja Arusha, haikukaa miaka mingi nayo ikafuata.

Swali ambalo mwenye duka anapaswa kujiuliza ni moja. Je, kampuni zilizokuwa na maduka mazuri kuliko zote, katika maeneo mazuri kuliko yote, zilishindwaje na washindani ambao miaka ishirini kabla walikuwa hawajulikani nje ya miji yao?

Walioanza na magodoro

Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya umma ya Kenya kwa lengo la kuwauzia wananchi bidhaa muhimu kwa bei nafuu na kuwapa wenye viwanda vya ndani mahali pa kuuzia. Mwaka 1992 hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na kwa miaka kadhaa ilihesabiwa kuwa miongoni mwa kampuni ambazo mwananchi wa kawaida angeweza kuzinunua bila wasiwasi.

Nakumatt ilitoka mji wa Nakuru, na jina lake ni kifupi cha "Nakuru Mattresses". Biashara ya familia iliyoanza na magodoro ilikua mpaka ikawa supamaketi yenye maduka ya saa 24, kadi za wateja wa kudumu na nafasi ya mbele katika kila jengo jipya la maduka. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Wenye majengo waliitafuta wenyewe, kwa kuwa ikishaingia Nakumatt wapangaji wengine walifuata.

Tuskys nayo ilikuwa ya familia, na jina lake la awali, Tusker Mattresses, linaonyesha kwamba nayo ilianza na magodoro.

Wakati hao wakitajwa magazetini, familia nyingine ilikuwa ikiuza sukari, unga na sabuni Rongai, katika eneo la Nakuru. Mzee Peter Mukuha Kago alifungua duka lake la kujihudumia mwaka 1990. Baadaye familia ilihamishia nguvu katika mji wa Naivasha, na kutoka hapo likatokea jina Naivas. Kwa miaka mingi wachambuzi wa Nairobi hawakuiweka Naivas katika orodha ya wakubwa.

Leo orodha hiyo imepinduka. Nakumatt haipo. Tuskys imeanguka. Uchumi imebaki jina na kesi za madeni. Naivas ilifungua tawi lake la 100 mwaka 2023.

Fedha za watu mkononi

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza kuelewa jinsi biashara ya supamaketi inavyozunguka, kwa sababu haina tofauti kubwa na ya mwenye duka wa Kariakoo anayechukua mali kauli. Duka linauza kwa fedha taslimu leo, lakini msambazaji analipwa baada ya siku 30, 60 au 90. Kwa muda huo wote fedha za msambazaji zimo mikononi mwa mwenye duka. Hiyo ndiyo neema ya biashara hii, na ndiyo hatari yake.

Tuchukue mfano wa duka linalouza mali ya Sh milioni 3 kwa siku. Katika kila Sh 100 za mauzo, Sh 90 ni bei ya kununulia mali na Sh 10 zinabaki kwa pango, mishahara, umeme na faida. Maana yake kila siku Sh milioni 2.7 ni za wasambazaji. Wakilipwa baada ya siku 30, basi wakati wowote mwenye duka ameshika Sh milioni 81 ambazo si zake. Kama mali hukaa dukani siku kumi kabla ya kuuzwa, Sh milioni 27 zimo katika mali iliyo kwenye rafu, na Sh milioni 54 zimo benki.

Hapo ndipo shetani anapoingia. Mwenye duka anaangalia hesabu yake ya benki, anaona milioni 54, anasahau kwamba kila shilingi ina mwenyewe. Anachukua milioni 40 anafungua tawi la pili. Zinabaki milioni 14.

Sasa tuseme mauzo yanashuka hadi Sh milioni 2 kwa siku, labda kwa sababu mshindani amefungua duka ng'ambo ya barabara, au shule zimefunguliwa na wazazi wamelipa karo, na tawi jipya bado halijapata wateja. Bili zinazoiva leo ni za mali ya mwezi uliopita, yaani bado ni Sh milioni 2.7 kila siku. Pengo ni Sh 700,000 kwa siku, kabla hajalipwa mfanyakazi hata mmoja. Milioni 14 zilizobaki zitakwisha katika siku 20.

Siku ya 21 msambazaji wa mafuta ya kula anaambiwa arudi wiki ijayo. Akirudi mara mbili bila kulipwa, gari lake halishushi tena. Rafu ya mafuta inabaki tupu. Mama aliyekuja kununua mafuta, unga na sukari haondoki na unga na sukari peke yake. Anakwenda duka jingine lenye vyote vitatu. Mauzo yanashuka tena, pengo linapanuka, na msambazaji wa unga naye anasimamisha gari. Duka linaweza kuwa linapata faida katika vitabu na likafa kwa namna hii.

Nakumatt ilipokwama

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Nakumatt, ila kwa hesabu za mabilioni. Kampuni ilipanuka haraka, na sehemu kubwa ya upanuzi huo iliendeshwa kwa mikopo ya mabenki, kwa fedha za wasambazaji, na kwa hati za madeni za muda mfupi ambazo watu binafsi na taasisi walizinunua kwa matumaini ya riba nzuri. Deni la muda mfupi lilitumika kujenga maduka ambayo yangehitaji miaka mingi kurudisha gharama. Ni sawa na mtu kukopa fedha za kurudisha baada ya miezi mitatu ili apande minazi.

Haikuwa kwamba kila pigo lilitokana na uzembe. Shambulio la kigaidi la Septemba 2013 katika jengo la Westgate, Nairobi, liliharibu moja ya maduka yake makubwa. Lakini kampuni yenye akiba huweza kupita katika maafa, na iliyokwisha kutumia fedha za watu haina pa kushika.

Mwaka 2017 rafu zilianza kuonekana tupu, na wenye majengo wakaanza kuyafunga maduka kwa ajili ya kodi. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Januari 2020 wadai walipiga kura ya kuifunga moja kwa moja. Matawi sita ya mwisho yalichukuliwa kwa shilingi milioni 422 za Kenya, na mnunuzi alikuwa Naivas.

Katika mgawanyo wa mali ya kampuni iliyokufa, mwenye dhamana hulipwa mwanzo. Msambazaji aliyeshusha maziwa na mikate kwa kuaminiana husimama karibu na mwisho wa foleni, pamoja na wale walionunua hati za muda mfupi zisizo na dhamana. Baadhi ya wazalishaji wadogo waliokuwa wakiitegemea Nakumatt kwa sehemu kubwa ya mauzo yao walijikuta wakitafuta namna ya kulipa mishahara.

Tuskys iliyaona yote hayo kwa macho yake. Mwaka 2017 ilikuwa katika mazungumzo ya kuungana na Nakumatt ili kuiokoa. Lakini mwaka 2020 nayo ikashindwa kuwalipa wasambazaji, huku wenye mali wakiwa na mgogoro wa kifamilia wa muda mrefu, mpaka Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaingilia kati kuitaka ilipe. Rafu zikawa tupu, matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tuskys haikutia.

Hisa ya shilingi tisa

Kwa mwenye hisa mdogo, somo kali zaidi linatoka Uchumi. Kampuni hiyo ilikufa mara moja Juni 2006, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Wengi waliona kwamba mgonjwa amepona. Mwishoni mwa 2014 iliwaomba wenye hisa fedha zaidi kwa kuwauzia hisa mpya kwa shilingi 9 za Kenya kila moja. Waliitikia kwa wingi, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo, na kampuni ikakusanya karibu shilingi milioni 895.

Kabla mwaka haujapita, mkurugenzi mkuu aliondolewa, maduka ya Tanzania na Uganda yalifungwa, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ikaanza kuchunguza jinsi mambo yalivyoelezwa kwa wanunuzi wa hisa. Miaka mitano baada ya toleo lile, hisa iliyonunuliwa kwa shilingi 9 ilikuwa haifiki shilingi 1.

Aliyenunua aliangalia idadi ya matawi, jina la zamani na umati uliokuwa dukani. Wasambazaji ndio waliokuwa na habari. Mwenye kiwanda cha mikate alijua hajalipwa miezi mingapi. Dalili ya kwanza ya ugonjwa wa kampuni ya rejareja huonekana kwa anayeidai, muda mrefu kabla ya kuonekana katika bei ya hisa.

Mtaji mkubwa pekee hautoshi

Mtu anaweza kusema kwamba wenyeji walishindwa kwa kukosa mtaji. Lakini wageni wenye mtaji nao wameondoka. Choppies ya Botswana, iliyoingia Kenya kwa kununua maduka ya Ukwala, ilifunga safari yake kufikia mwaka 2020. Shoprite, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii barani Afrika, ilifungua duka la kwanza Nairobi mwishoni mwa 2018 na kufikia mwanzoni mwa 2021 ilikuwa imekwisha kufunga. Game, nayo ya Afrika Kusini, iliingia mwaka 2015 ikatoka mwishoni mwa 2022. Aliyefanikiwa ni Carrefour, inayoendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyoingia mwaka 2016 na kujaza nafasi nyingi zilizoachwa na Nakumatt.

Naivas ilichukua njia yake. Kwanza, ilijikita katika chakula na mahitaji ya kila siku, vitu ambavyo mteja huvirudia kila wiki. Televisheni hununuliwa mara moja katika miaka mingi. Mkate hununuliwa kila siku. Mali inayotoka haraka hurudisha fedha kabla bili haijaiva.

Pili, ilijenga maduka yake mahali watu wanapoishi na wanaposhukia basi, katika miji midogo na mitaa ya kawaida, kabla ya kuingia kwenye majengo ya kifahari. Ilipoingia huko, mara nyingi iliingia katika nafasi ambayo mwingine alikwisha kuijenga na kuipoteza.

Tatu, haikuvuka mipaka. Wakati wenzake wakihesabu nchi, yenyewe ilihesabu miji ya Kenya.

Nne, na hili ndilo kubwa kwa wawekezaji, ilipohitaji fedha nyingi za kukua ilikaribisha wabia. Mwaka 2020 iliuza asilimia 30 ya hisa kwa kundi la wawekezaji lililokuwemo Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius likanunua asilimia 40. Mbia hana tarehe ya kudai arudishiwe mtaji wake. Akiba ya namna hiyo inaweza kujenga duka la kudumu miaka 20. Fedha ya msambazaji haiwezi, kwa sababu ina tarehe.

Hayo yote yanaungana mahali pamoja. Mwaka 2017, mteja aliyekuta rafu tupu Nakumatt alipohamia kwa washindani alikuta rafu zimejaa. Hakujua habari za mabenki wala za mahakama. Aliona tu kwamba huku kuna sukari na kule hakuna. Sifa ambayo kampuni moja ilikuwa imeijenga kwa matangazo kwa miaka mingi ilihama pamoja na kikapu chake.

Mwenye duka ajiulize

Yapo mambo machache ambayo mwenye duka, mkubwa au mdogo, anaweza kuyatekeleza bila kuongeza mtaji.

Atenganishe fedha za wasambazaji na za kwake. Mauzo ya siku yakihesabiwa jioni, sehemu ya bei ya kununulia iandikwe au iwekwe mbali siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha ya mtu mwingine hupotea upesi zaidi.

Ajue mali yake hukaa siku ngapi dukani na bili yake huiva baada ya siku ngapi. Mali inayokaa siku 50 isichukuliwe kwa mkopo wa siku 30, hata ikiwa inapamba duka.

Tawi jipya lijengwe kwa faida iliyokwisha kupatikana, kwa mbia, au kwa mkopo wa muda mrefu. Lisijengwe kwa mali kauli.

Akikwama, amwendee msambazaji kabla tarehe haijafika, amlipe sehemu na kumpa siku ya kumalizia. Wafanyabiashara husameheana kuchelewa, ila hawasameheani kufichana. Anayelipa kwa tarehe hupewa mali kwanza bidhaa zinapoadimika, hupunguziwa bei, na hupewa muda mrefu bila kuomba. Katika mtaa wenye maduka kumi yanayouza bidhaa zile zile kwa bei zinazokaribiana, hiyo ndiyo tofauti ambayo mshindani hawezi kuinakili kwa usiku mmoja.

Msambazaji naye asijisahau. Asiruhusu mteja mmoja achukue mali nyingi kiasi kwamba akianguka naye anaanguka, hata kama mteja huyo ana jina kubwa. Na nguvu ya mnunuzi mkubwa haijaisha kwa kuondoka kwa Nakumatt. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini humo faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 za Kenya kwa kosa la kutumia vibaya nguvu yake dhidi ya wasambazaji wawili, uamuzi ambao kampuni haikukubaliana nao. Analipwaje, anakatwa nini na lini, ni mambo ya kuandikwa katika mkataba kabla gari halijapakiwa.

Mwenye hisa, kwa upande wake, afungue taarifa ya hesabu za mwaka na kutafuta mistari miwili: wadai wa biashara na gharama ya mali iliyouzwa. Akigawanya wa kwanza kwa wa pili na kuzidisha kwa 365, atapata siku ambazo kampuni inachukua kuwalipa wasambazaji wake. Afanye hivyo kwa miaka mitatu mfululizo. Siku hizo zikiwa zinaongezeka kila mwaka huku kampuni ikitangaza matawi mapya, ajue nani anayegharamia sherehe. Kisha atembelee duka lenyewe katikati ya mwezi, aangalie rafu za unga, sukari na mafuta. Kuangalia hakulipiwi kiingilio.

Waswahili walikwisha kusema zamani kwamba dawa ya deni kulipa. Wengi huichukulia kauli hiyo kuwa ni ya mdaiwa aliyebanwa. Yaliyotokea Nairobi yanaonyesha kwamba inamhusu pia mfanyabiashara ambaye leo duka lake limejaa, fedha ziko benki, na kila mtu anamsifu.